Kupanda Mti Mrefu kwa Kamba

Ndugu wakulima, kipindi chetu cha leo hakihusu mbegu wala mbolea. Kinahusu ule mti mkubwa ulio karibu na nyumba yako. Huenda ni mwembe alioupanda babu yako, huenda ni mfenesi, mwarobaini au mkaratusi. Mti umekua, umezeeka, na sasa tanzu moja nene imelala juu ya bati. Kila upepo ukivuma usiku mama watoto anakuambia, "Mti huo utatuua." Nawe unajibu kwamba kesho utamtafuta kijana aje aukate.

Kijana hapatikani kwa shida. Anakuja na panga lake, miguu mitupu, mnapatana bei, anaukwea mti kama tumbili na kuanza kukata. Mara nyingi kazi inakwisha salama, na ndiyo sababu tumeizoea. Lakini hebu tufanye hesabu kidogo. Mtu akianguka kutoka mita 5 anafika chini kwa muda wa sekunde 1 tu, na anapogonga ardhi mwendo wake ni karibu kilomita 36 kwa saa. Akianguka kutoka mita 10, yaani urefu wa mwembe wa kawaida, mwendo unafika kilomita 50 kwa saa. Ni sawasawa na mtu aliyegongwa na motokaa barabarani. Mguu uliovunjika huungwa. Uti wa mgongo ukikatika, mtu huyo hatainuka tena kwenda shamba, na usisahau kwamba alikuwa akifanya kazi yako, uani kwako.

Wako watu duniani ambao kazi yao ya kila siku ni kupanda miti mikubwa na kuipogoa. Katika Ulaya na Marekani ni ufundi kamili, una mafunzo yake na vyeti vyake, kama ulivyo ufundi wa umeme. Watu hao hawakwei kwa mikono na magoti. Wanapanda kwa kamba, wanafanya kazi wakiwa wamekaa ndani ya mkanda, na mikono yao yote miwili iko huru. Leo tutaeleza namna wanavyofanya. Hatusemi kwamba ukimaliza kusoma kurasa hizi utakuwa fundi. Tunasema kwamba utaweza kumtambua fundi na kumtambua mbahatishaji, na kama katika kijiji chenu wako vijana wanaotaka kujifunza ufundi huu kwa utaratibu, watajua pa kuanzia.

Kamba ipi ifaayo

Tuanze na kamba, maana yote mengine yananing'inia hapo.

Watu wengi wa kwetu wakisikia kamba hufikiri kwanza kamba ya katani. Hiyo tunaijua vizuri. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, ukapandwa upande wa Pangani, na kamba zake zimefunga mizigo ya dunia nzima. Ni kamba nzuri kwa kuvutia gogo au kufungia mzigo. Lakini kwa kumning'iniza binadamu haifai. Katani ikilowa na kukauka mara kwa mara huoza kutoka ndani, na nje isionyeshe dalili yoyote. Unaitazama unaona ni nzima, kumbe moyo wake umekuwa vumbi. Hali ni hiyo hiyo kwa kamba ya usumba.

Ya pili ni ile kamba ya plastiki ya buluu, kijani au manjano, ambayo imejaa madukani kwa sababu ni rahisi. Jina la plastiki hiyo ni polipropilini. Hii nayo usiiamini na roho ya mtu. Jua huila upesi, ikawa ngumu na kuanza kutoa unga. Tena huyeyuka kwa joto dogo, kama digrii 165 hivi, na fundo linaloteleza juu ya kamba hiyo lina uwezo wa kuchemka kwa msuguano hata likaanza kuyeyuka mtu akiwa bado hewani. Kama huna hakika kamba uliyonayo ni ya aina gani, kata kipande kifupi, kikamue ndani ya ndoo ya maji mpaka hewa yote itoke, kisha kiachie. Kikielea, hiyo si kamba ya kupandia. Nailoni na poliesta huzama.

Kamba ya mpogoaji ni ya poliesta, au nailoni na poliesta pamoja, na imesukwa, haikusokotwa tu. Unene wake ni milimita 11 hadi 13, ili mkono uweze kuishika. Huwa imeandikwa na kiwanda nguvu zake, na haipungui kuweza kubeba kilo 2,400 hivi kabla ya kukatika. Utauliza: mtu mwenye kilo 70 anahitaji kamba ya kilo 2,400 kwa nini? Kwanza, fundo lo lote hupunguza nguvu za kamba, pengine kwa theluthi moja au zaidi. Pili, kamba huchakaa, hulowa, huchomwa na jua. Tatu, mtu akidondoka kidogo tu halafu kamba ikamshika ghafla, uzito wake wakati ule unakuwa mara kadhaa ya uzito wake wa kawaida. Kwa hiyo zile kilo nyingi si anasa.

Na kamba hiyo ni ya mtu tu. Usiikopeshe kwa kuvutia gari lililokwama, wala usiitumie kushushia magogo. Kamba ya mizigo na kamba ya mtu ziwe mbili mbalimbali, na ikiwezekana ziwe za rangi mbili, ili hata mtoto asikosee kuzileta.

Mkanda, pete na kofia

Kamba haifungwi kiunoni hivi hivi. Mtu aliyefungwa kamba kiunoni akianguka, kamba hupanda mpaka kwenye mbavu na kumbana asiweze kuvuta pumzi. Mpogoaji huvaa mkanda mpana unaoshika kiuno na mapaja yote mawili, akawa kama amekaa kitini. Mkanda huo una pete za kufungia mbele, chini ya kitovu, na nyingine ubavuni kushoto na kulia.

Huku kwetu mikanda inayoonekana zaidi ni ile ya mafundi wa minara ya simu. Ni mikanda mizuri, lakini angalia: mingi ina pete kubwa mgongoni, ya kumshika mtu akianguka. Kwa kupanda kwa kamba pete ya mgongoni haikusaidii, maana huwezi kufanya kazi ukining'inia kama paka aliyeshikwa shingo. Tafuta wenye pete ya mbele.

Kamba huunganishwa na mkanda kwa pete ya chuma yenye mlango, iitwayo karabina. Iwe ile ambayo mlango wake hujifunga wenyewe na haufunguki mpaka uvutwe na kuzungushwa. Ndoano za kawaida za dukani, za kufungia mbwa au mizigo, hazikutengenezwa kwa kazi hii. Kofia iwe ngumu na yenye ukanda wa kidevuni. Isiyo na ukanda huo itatangulia kuanguka kabla yako. Miwani ya kukinga macho na viatu vya kufunga vyenye kisigino huhitajika pia, maana vumbi la msumeno halichagui jicho. Wale wenye njumu za chuma miguuni, za kuchomea shina, wazitumie kwenye mti unaoangushwa tu. Mti unaobaki hai ukitobolewa matundu toka chini mpaka juu, umefunguliwa milango ya kuoza.

Kuutazama mti kabla ya kuugusa

Fundi mzuri haanzi kwa kupanda. Huanza kwa kuuzunguka mti, polepole, mikono mfukoni. Anatazama shinani: je, pana uyoga ulioota kwenye mizizi au chini ya shina? Uyoga ni dalili kwamba ndani pameoza. Je, udongo wa upande mmoja umeinuka au kupasuka, kama kwamba mti unataka kulala? Anagonga shina kwa kisigino cha shoka na kusikiliza. Sauti ya ngoma ni habari ya pango. Anatazama juu: tanzu zisizo na majani, nyufa kwenye panda, mchwa, mizinga ya nyuki, viota vya nyigu. Nyuki si jambo dogo hapa. Aliye chini akishambuliwa hukimbia, lakini aliyefungwa kwenye kamba mita 12 juu hana pa kukimbilia.

Kila mti una tabia yake. Mwembe hai una mbao zinazovumilia, lakini matawi yake makavu hukatika bila kuaga. Mkarafuu, kama wenzetu wa Unguja na Pemba wanavyojua kwa machungu, una matawi mepesi kuvunjika. Mkaratusi una sifa ya kudondosha tanzu nzima siku isiyo na upepo. Mti uliokufa kabisa, au wenye pango kubwa, haupandwi. Huo huangushwa kutoka chini, au huachwa mpaka apatikane mtu mwenye mashine ya kumwinua.

Halafu nyaya za umeme. Kama tawi limegusa waya, au limeukaribia kwa mita 3, kazi hiyo si yako wala si ya kijana wako. Nenda ukawaarifu TANESCO, waje wakate umeme kwanza. Mti mbichi hupitisha umeme, na kamba iliyolowa vile vile.

Namna ya kuifikisha kamba juu

Sasa mti umekaguliwa, ni mzima. Kamba itafikaje juu na hakuna mtu aliyeko huko?

Wanatumia kifuko kidogo chenye uzito wa gramu 300 hadi 400, kimejazwa risasi au mchanga mzito, kimefungwa kwenye ugwe mwembamba unaoteleza. Anakibembeza mara mbili tatu, anakirusha kipite juu ya panda aliyoichagua, kinashuka upande wa pili na ugwe wake. Kisha anafunga kamba kwenye ugwe na kuivuta mpaka imepita juu ya panda na kurudi chini. Ukitazama unaona kama mchezo wa watoto wa kuangua maembe, lakini huchukua mazoezi ya siku nyingi, na hata fundi hukosa mara tano akapata ya sita. Watu wote wengine wasimame mbali wakati wa kurusha.

Panda inayochaguliwa iwe ya tanzu hai, nene kama paja la mtu mzima, na kamba ikae pale tanzu inapotokea kwenye shina, si mbali katikati ya tawi. Kabla mtu hajapanda, watu wawili wanashika ncha zote mbili za kamba na kuning'inia kwa pamoja wakiwa bado chini. Kama panda itavunjika, na ivunjike wakati huo. Ili kamba isisugue gamba la mti na lenyewe lisikate kamba, huvishwa pale juu mfereji wa turubai nene au ngozi.

Jinsi kamba inavyompandisha mtu

Hapa ndipo penye akili ya kazi yenyewe, kwa hiyo tuende taratibu.

Kamba imepita juu ya panda na ncha zake mbili ziko chini. Ncha ya kwanza inafungwa kwenye pete ya mbele ya mkanda. Fundo lake ni lile la kitanzi kisichokaza: unafanya tundu dogo kwenye kamba, ncha inapanda ndani ya tundu, inazunguka nyuma ya kamba, na kurudi ndani ya tundu lile lile. Mabaharia wanalitumia fundo hili kwa sababu hata likivutwa vipi hufunguka baadaye. Ncha inayobaki isiwe fupi, nayo ifungwe tena isije ikalegea wakati kamba haina mzigo.

Upande wa pili wa kamba, ule unaoning'inia, ndio anaoupanda. Juu ya upande huo anafunga kitanzi cha kamba nyembamba zaidi, tuseme milimita 8 juu ya kamba ya milimita 12 au 13. Kitanzi kinazungushwa kwenye kamba kubwa mara tatu kikipita ndani ya chenyewe, mizunguko inapangwa isipandane, kisha mkia wake unaunganishwa na mkanda kwa karabina. Fundo hili linaitwa Prusik, kwa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza kwa maandishi mwaka 1931. Tabia yake ni ya ajabu kidogo. Ukilisukuma kwa mkono bila mzigo linateleza juu ya kamba kama shanga kwenye uzi. Ukiliegemea kwa uzito wako linauma kamba na halisogei. Kitanzi kikiwa kinene sawa na kamba kubwa halitauma; kikiwa chembamba mno litauma hata likatae kuachia.

Basi mpandaji anakaa ndani ya mkanda wake, anavuta ule upande wa pili kuelekea chini, mwili unapanda kidogo, analisukuma fundo juu, anapumzika. Anavuta tena. Ili apande mita 1 hana budi kuvuta mita 2 za kamba, kwa kuwa pande zote mbili zinafupika kwa pamoja. Faida yake ni kwamba kila upande unabeba nusu ya uzito wake tu. Mtu wa kilo 70 anavuta kama kilo 35, ukiacha ule msuguano wa pale juu kwenye panda. Fundo nalo linabeba nusu tu, ndiyo maana halikazi kupita kiasi. Akitaka kushuka analiminya fundo kutoka juu kwa kiganja, taratibu, nalo linateleza. Taratibu, tunasema. Anayeteremka kwa mbio ili watu wamtazame anachoma fundo lake mwenyewe.

Kwa mpango huu, panda ikiwa mita 12 juu, kamba inatakiwa iwe mita 24 na nyongeza ya mita 4 au 5 za mafundo. Na hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu watu hufa kwa kosa hili kuliko kwa kamba kukatika. Kama kamba ni fupi, mtu atashuka vizuri, atashuka, atashuka, halafu mkia wa kamba utapita ndani ya fundo na yeye atadondoka. Kwa hiyo kabla ya kupanda, mwishoni kabisa mwa ule upande unaoning'inia, piga fundo kubwa ambalo haliwezi kupita. Ni kazi ya sekunde tano. Fundi anayesahau fundo hilo mwambieni arudi nyumbani.

Kukata ukiwa juu

Pamoja na kamba kubwa, mpandaji ana kamba fupi ya mita 2 au 3 iliyofungwa kwenye pete za ubavuni. Anaizungusha kwenye shina kama vile mkwezi anavyolikumbatia. Ina kazi mbili. Akitaka kuhamisha kamba kubwa kwenda panda ya juu zaidi, kamba fupi inamshika wakati huo. Hakuna hata dakika moja ambayo hakufungwa. Na anapokata, ni lazima awe amefungwa mara mbili, kwa kamba kubwa na kwa kamba fupi. Sababu ni nyepesi kuelewa: kamba iliyokazwa na uzito wa mtu, ikiguswa kidogo tu na meno ya msumeno, hupasuka kama utepe. Kwa sababu hiyo hiyo kamba fupi nyingine huwa na waya wa chuma ndani yake.

Panga halina kazi juu ya mti. Panga linahitaji nafasi ya kurushwa, na likikosa tawi linakuja gotini au kwenye kamba. Chombo chake ni msumeno wa mkono uliopinda, unaokata unapouvuta, wenye ala yake kiunoni. Msumeno wa mnyororo ukiwa juu ya mti ni wa mtu aliyefundishwa hasa, na unashikwa kwa mikono miwili. Ukimwona mtu anautumia kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika tawi, msimamishe hata kama mmeshapatana bei.

Tawi nene halikatwi kwa mkato mmoja kutoka juu, maana likianza kuanguka huchana gamba la shina mpaka chini. Kwanza kata kutoka chini kwenda juu, kama sentimita 30 kutoka shinani, mpaka robo ya unene. Pili, sogea sentimita chache mbele zaidi, ukate kutoka juu mpaka tawi lianguke. Tatu, ondoa kile kisiki kilichobaki. Kisiki nacho usikikate kikawa sawa na shina. Utaona pale tawi linapotokea pana uvimbe kama shingo. Kata nje ya uvimbe huo, uuache. Alex Shigo, mtaalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti katika miaka ya 1970 na 1980 kutazama ndani, akaonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu, bali hujenga ukuta kulifungia lile jeraha, na ukuta huo hujengwa vizuri pale kwenye shingo. Na lami, rangi au samadi ambavyo watu hupaka juu ya jeraha havizuii kuoza. Acha jeraha likauke. Wala usinyoe mti wote kwa siku moja. Robo ya majani mabichi inatosha kwa mwaka, na kwa mwembe yafaa kukata mara baada ya mavuno.

Kushusha tanzu

Turudi kwenye ile tanzu iliyo juu ya bati. Unene wake, tuseme, ni sentimita 30, na urefu ni mita 3. Mbao mbichi zina uzito wa karibu kilo 900 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kipande hicho peke yake, bila vitawi wala majani, ni karibu kilo 190. Ni magunia mawili ya mahindi juu ya kichwa cha nyumba yako.

Tanzu hiyo hushushwa kwa kamba ya mizigo. Inafungwa kwenye tanzu, inapita juu ya panda iliyo juu zaidi, inateremka mpaka chini, na hapo inazungushwa kwenye shina la mti mara mbili au tatu. Mtu aliye chini anashika mwisho wake. Ile mizunguko ndiyo inayobeba; yeye anashika kilo chache tu, na akilegeza kidogo kidogo mzigo unateremka. Asiizungushe kamba mkononi mwake wala kiunoni, na asisimame ndani ya duara la kamba iliyolala chini, la sivyo itamvuta mpaka juu. Panda inayobeba kamba huelemewa na zaidi ya uzito wa tanzu, kwani inavutwa na pande zote mbili. Tanzu ikianguka kwanza ndipo ikashikwa ghafla, mzigo huongezeka mara nyingi. Kwa hiyo kata vipande vidogo. Haraka ya kumaliza kabla ya jua kuzama ndiyo inayovunja nyumba.

Chini kuwe na watu wasiopungua wawili, na mmoja wao awe anajua kupanda na amevaa mkanda wake tayari. Mtu aliyezirai au kuumia akibaki ananing'inia bila kusogea ndani ya mkanda, damu hujaa miguuni na anaweza kufa ingawa hakuanguka. Ashushwe kwa dakika chache; hakuna nafasi ya kwenda kumtafuta msaidizi kijiji cha pili.

Neno kwa wenye minazi

Wenzetu wa pwani watasema: sisi tuna wakwezi wetu, na hawana karabina. Ni kweli, na ustadi wa mkwezi wa mnazi hatuudharau. Lakini zile ngazi zinazochongwa kwenye shina tungependa ziachwe. Mnazi si kama mwembe. Shina lake halina uwezo wa kufunika jeraha. Pengo ulilolichonga mwaka huu litakuwapo siku mnazi utakapoanguka, na kila mvua inaingiza maji humo.

Kitanzi cha kamba miguuni kinatosha kumpandisha mkwezi bila kuchonga, naye akiongeza kamba fupi ya kuzunguka shina iliyofungwa kwenye mkanda, anakuwa na kitu cha kumshika mguu ukiteleza. Huko India wamefika mbali zaidi. Wana chombo cha vyuma viwili, kila kimoja kina kitanzi cha waya kinachobana shina mguu unapokanyaga, na mpandaji anainua kimoja baada ya kingine kama anatembea. Mwaka 2011 Bodi ya Maendeleo ya Nazi ya nchi hiyo ilianza kufundisha vijana, wanaume kwa wanawake, kukitumia, kwa sababu wakwezi wa zamani walikuwa wakipungua. Fundi mzuri wa kuchomea anaweza kuelewa chombo hicho akikiona. Jambo moja usilifanye: usifunge kamba ya kukushika kwenye kuti. Kuti likikomaa hung'oka lenyewe. Kamba izunguke shina, chini ya kilele.

Na maji moto wakikuuma huko juu usikimbilie dawa ya kuwaua. Wanauma, ndiyo, lakini wanafukuza mdudu anayefyonza vidaka vikapukutika.

Kujifunza na kutunza

Anayetaka kujifunza aanze na panda iliyo mita 2 tu kutoka ardhini. Afunge mafundo, apande, ashuke, afungue, afunge tena, kwa wiki nzima, bila msumeno. Mwenzake ayakague mafundo yake kila mara kabla hajainua mguu, hata kama ni mzee wa kazi. Akiweza kufunga mafundo yote usiku gizani bila kukosea, aongeze mita chache. Msumeno uje mwisho.

Kamba baada ya kazi inakaguliwa mita kwa mita kwa vidole: mahali palipolainika, palipovimba, palipokakamaa kwa joto au palipochanika. Ikichafuka inaoshwa kwa maji ya kawaida na sabuni nyepesi, inaanikwa kivulini. Isiwekwe pamoja na betri ya gari, petroli au dawa za mimea; tindikali ya betri huila nailoni bila kubadili rangi yake. Itundikwe ghalani mbali na panya. Siku utakapoona ina mashaka, ikate vipande vifupi vya mita moja moja siku hiyo hiyo, ufungie mbuzi, ili asije kijana mwingine akaiona ukutani na kupanda nayo mti.